Motahomu ya petroli: jinsi ya kuikagua, kuipandisha mlima na kuiweka bila kuua injini wala gia boksi

Mtu akitaka kununua motahomu ya petroli, yani ile gari yenye kitanda, jiko na choo humo humo, swali lake la kwanza huwa injini gani ndo nzuri. Mi naona hilo swali linachelewesha watu tu. Injini nyingi zinazofungwa kwenye hizi gari ni zile zile za malori ya kazi ya Marekani, zimetengenezwa kubeba mzigo siku nzima, hazifi kirahisi. Kinachoziua ni joto na kukaa, na joto lenyewe linaanza kula gia boksi kabla hata halijaigusa injini. Kwa hiyo huu mwongozo nimeupanga hivyo, sehemu kubwa ni gia boksi na namna unavyoendesha, injini nitaigusa pale penye ugonjwa unaojulikana.

Hatua ya 1: jua umekalia nini

Usidanganywe na jina lililochorwa ubavuni. Kampuni inayojenga ile nyumba sio iliyotengeneza injini, wao wanapokea chesi ikiwa na injini na gia boksi tayari alafu wanajenga juu yake. Kwa hiyo ukitaka kutafuta spea au kusoma kuhusu matatizo, tafuta kwa jina la chesi.

Kwa za petroli, zile ndogo zenye kichwa cha van na kitanda juu ya dereva (Klasi C) nyingi zimejengwa juu ya Ford E-450 au E-350, na chache juu ya Chevrolet Express. Zile za umbo la basi (Klasi A) nyingi ni Ford F-53, na za zamani kidogo utakuta Workhorse, ambayo ilirithi chesi ya P30 kutoka GM, wale wenye Chevrolet.

Upande wa Ford injini utakayokutana nayo sana ni V10 ya lita 6.8, imeanza 1997 na imekaa mpaka 2019 hivi, kuanzia modeli za 2020 hivi ikaja V8 ya lita 7.3. Kabla ya V10 kulikuwa na ile 460 ya lita 7.5. Upande wa GM kuna 454 ya lita 7.4 alafu 8.1, na hii 8.1 ikifungwa na gia boksi ya Allison 1000 kwenye Workhorse nzito watu wanaipenda sana na mi nawaelewa, shida yake ni kwamba chesi hiyo haitengenezwi tena kwa hiyo baadhi ya vitu vya chesi unaweza ukavitafuta mpaka uchoke.

Gia boksi nayo ijue kwa jina. Upande wa Ford utakuta E4OD, ikafuata 4R100, zote za gia nne, alafu kati ya 2004 na 2006 hivi ikaingia TorqShift ya gia tano, baadae gia sita. Ukiniuliza mstari nachora wapi, nachora hapo kwenye TorqShift ya gia tano. Sio kwamba gia nne ni mbovu, ila gia zenyewe ni chache, ukiwa mlimani gari inakosa gia ya kukaa, ya tatu inaishiwa nguvu na ya pili inalia, inabaki kubadilisha badilisha na kila ikibadilisha inazalisha joto. Ile ya gia tano ilikuja na kitufe cha Tow/Haul ambacho nitakisema mbele, na hicho kitufe peke yake kinabadilisha kabisa jinsi gari inavyoshuka mlima.

Hatua ya 2: kagua ikiwa baridi, yani baridi kweli

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika weka mkono kwenye kifuniko cha injini, kwenye Klasi C kile kinachotokeza katikati ya viti vya mbele. Kikiwa na moto, uliza kwa nini.

Washa, shusha kioo, sikiliza. Kwenye V10 ukisikia tik tik tik inayoenda na raundi, alafu baada ya dakika kama kumi injini ikipata moto inapotea, hiyo mara nyingi sio tapeti. Ni stadi, yani bolti inayoshikilia manifoldi ya eksozi, imekatika, gesi inavuja pale ikiwa baridi, chuma kikitanuka nafasi inajiziba. Muuzaji atakwambia "ndo sauti zake hizi". Ni kweli ndo sauti zake kwa sababu nyingi zina huo ugonjwa, lakini kuchomoa stadi iliyokatikia ndani ya silinda hedi ni kazi ya mtu mwenye subira, na kwenye motahomu nafasi ya kuingiza mkono ni finyu. Gari haifi kwa hilo, we litumie kwenye bei.

Ugonjwa wa pili wa V10 ni plagi, na hapa watu wanachanganya mambo mawili. Zile za mwanzo, za valvu mbili kwa silinda, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, tundu la plagi kwenye hedi lina nyuzi chache mno, plagi isipokazwa sawa inalegea taratibu siku moja inaruka na koili yake, unasikia mlipuko kama tairi limepasuka alafu gari inanguruma kama trekta. Dawa yake ipo, fundi anachimba tundu anaweka bushi ya chuma yenye nyuzi kamili, ikiwekwa vizuri inakuwa imara kuliko ya kiwandani. Ugonjwa mwingine ni wa valvu tatu, hii iliingia F-53 kuanzia 2006 na kwenye E-450 haikuingia kabisa. Kwenye valvu tatu za mwanzo plagi hairuki, yenyewe inagoma kutoka, ilitengenezwa vipande viwili, ukiilazimisha sehemu ya chini inabaki ndani. Kwa hiyo kabla hujamkabidhi mtu gari abadilishe plagi muulize anajua ni valvu ngapi. Akikwambia zote sawa tu, shukuru alafu uondoke.

Koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, ni jambo dogo ila linatisha watu. Gari ina misi, yani silinda moja haichomi sawa, inatetemeka, taa ya injini inawaka waka, mtu anaambiwa injini imekufa. Chomeka kisomeo cha OBD2, kifaa kinachosoma kodi za matatizo kutoka kwenye kompyuta ya gari, vile vidogo vya bluutuu vinatosha, ukiona P0300 ni misi isiyojua iko wapi, ukiona P0301 mpaka P0310 namba mbili za mwisho ndo silinda yenyewe. Kwa Ford V10 silinda ya 1 mpaka ya 5 ziko upande wa kulia kwa aliyekaa kwenye kiti cha dereva, ukianzia mbele, ya 6 mpaka ya 10 upande wa kushoto nazo ukianzia mbele. Tuseme imesoma P0304. Chukua koili ya 4 ihamishie 5 na ya 5 uilete 4, futa kodi, endesha. Ikirudi P0305 koili ndo mbovu, umemaliza. Ikibaki P0304 angalia plagi, alafu tundu la plagi kama lina maji, alafu injekta. Nusu saa tu na hujanunua kitu.

Na hicho hicho kisomeo kina kazi nyingine wakati wa kununua ambayo wengi hawaijui. Kuna ukurasa wa vipimo vya utayari, ambapo kompyuta inaonyesha majaribio yake ya ndani imeyamaliza au bado. Kama karibu yote yanaonyesha bado, na muuzaji anasema gari ameitumia wiki nzima, basi kuna mtu amefuta kodi juzi au betri imechomolewa. Muulize bila kugombana, msikilize tu anavyojibu.

Hatua ya 3: nusa oili ya gia boksi

Hii ndo nisingeiruka hata kama nina haraka namna gani. Zungusha gari mpaka ipate moto kabisa, dakika 20 hivi barabarani, paki sehemu tambarare, iache injini inaunguruma ikiwa kwenye P, chomoa kijiti. Usipime ikiwa baridi ukajaza, utaizidisha, na oili ikizidi inapigwa povu na gia zinazozunguka, na povu halipoozi wala halisukumi.

Dondoshea tone kwenye tishu nyeupe. Nyekundu inayoona upande wa pili, safi. Imeelekea kahawia ila bado inapitisha mwanga, imechoka, badilisha. Kahawia nzito yenye harufu kama mkate ulioungua, hapo krachi za ndani zimeshachomeka. Na ukisugua tone kati ya vidole ukasikia mchangamchanga, hiyo gari mwachie mwenyewe.

Kuna imani kwamba oili iliyoungua usiibadilishe maana gia boksi itakufa. Kinachotokea ni kwamba gia boksi ilikuwa imeshakufa, mtu akaibadilishia oili akitegemea muujiza, ikakata wiki ijayo, lawama ikaenda kwa oili mpya. Oili ikiwa imechoka tu bila kuungua, badilisha bila wasiwasi.

Aina ya oili usibahatishe. Soma kitabu cha gari au maandishi ya kwenye kijiti chenyewe. Ford peke yao wana Mercon V, SP, LV na ULV na sio ndugu wote, ULV kwa mfano ni nyepesi mno usiitie kwenye gia boksi inayotaka LV. Chupa iliyoandikwa inafaa gari zote mi kwenye gari ya tani sita siiweki.

Kubadilisha, kitabu kitakupa masafa mawili, ya matumizi ya kawaida na ya kazi ngumu. Motahomu haina matumizi ya kawaida. Inabeba mzigo wake kamili kila siku ya maisha yake, kwa hiyo soma safu ya kazi ngumu peke yake, mi nakwenda na maili 30,000, kama kilomita 48,000, na kama imekaa miaka mingi bila kufika huko nabadilisha hata hivyo.

Hatua ya 4: ipeleke kwenye mizani

Hii watu wanaikwepa kama daktari wa meno. Mi pia niliikwepa mwaka mzima, mpaka siku tulipopandisha I-70 Colorado kwenda tunnel ya Eisenhower, gari E-450 ya V10, nyuma tunavuta gari ndogo, kwenye tenki maji yamejaa, baiskeli, genereta, makorokoro ya familia nzima. Geji ya joto la gia boksi niliyoifunga mwenyewe ilikuwa inasoma nyuzi 90, ikaja 97, 104, nikajiambia kilele si hapo tu, ikafika 118 ndo nikatafuta pa kuegesha. Kuangalia chini ya gari, oili inadondoka kutoka kwenye bomba la kupumulia la gia boksi, imechemka ikatafuta njia. Nilivyoipeleka mizani baadae ekseli ya nyuma ilikuwa imezidi kwa kilo karibu 300. Nilikuwa nalaumu gia boksi kumbe mzigo ni wangu.

Kwa hiyo: jaza petroli, jaza maji kama unavyosafiri kweli, watu wote ndani, nenda kwenye mizani ya malori, pima ekseli ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, na jumla ukiwa unavuta. Linganisha na kibandiko cha kwenye mlango au karibu na kiti cha dereva. E-450 za miaka ya karibuni zina kikomo cha paundi 14,500 kwa gari yenyewe, sawa na kilo 6,577 hivi, na nyumba ikishajengwa juu yake nafasi inayobaki kwa ajili yako na vitu vyako inaweza kuwa ndogo kuliko unavyodhani. Tenki la maji la lita 150 ni kilo 150, hesabu haina ujanja. Kama unakoenda kuna maji, safiri na robo tenki.

Na kikomo cha kuvuta ni namba tofauti na kikomo cha ndoano. Ndoano inaweza kuandikwa kilo nyingi, lakini jumla ya gari na unachokivuta ina kikomo chake, hicho ndo kinachohusu gia boksi.

Hatua ya 5: funga geji ya joto la gia boksi

Motahomu nyingi za petroli zinakuonyesha joto la maji ya injini tu, au zina geji ya gia boksi ambayo sindano inakaa katikati mpaka siku ya msiba. Unataka namba. Kwa Ford za OBD2 njia rahisi ni kisomeo kile kile na simu, programu nyingi zinaweza kusoma joto la oili ya gia boksi. Kwa za zamani funga kihisi kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya gia boksi, au kwenye mrija unaotoka gia boksi kwenda kwenye kipoozeo. Ukifunga kwenye mrija jua namba zitakuwa juu kuliko za sampo, kwa sababu pale oili inatoka moja kwa moja kwenye toki konveta, nitaieleza Hatua ya 6.

Kwenye sampo mi nasoma hivi: 80 mpaka 95 ni maisha ya kawaida. 105 naanza kubadilisha ninavyoendesha. 110 na bado inapanda natafuta pa kusimama. Zaidi ya 120 oili inaharibika haraka mno, sili za mpira zinaanza kukauka, na ukishafika huko hata ikipoa badilisha oili ukirudi.

Ukisimama usizime gari. Hapo watu wengi ndo wanakosea. Weka P, kanyaga mafuta kidogo ishike raundi 1,200 mpaka 1,500, iache hivyo dakika tano. Pampu ya gia boksi inazungushwa na injini, ukizima oili inakwama ndani ya konveta ikiwa na moto wote.

Hatua ya 6: jifunze kupanda

Ngoja nieleze kidogo kwa nini joto linatokea, ukielewa hapa mengine utayagundua mwenyewe. Kati ya injini na gia boksi hakuna krachi ya kukanyaga, kuna toki konveta, mapanga mawili yanasukumana kwa oili. Yakisukumana bila kufungana yanateleza kidogo, na ule mtelezo wote unakuwa joto. Ndani yake kuna loki, ikishika injini na gia boksi zinazunguka pamoja na joto linashuka. Kwa hiyo mlimani lengo lako ni moja, kukaa kwenye gia ambayo loki itashika na ibaki imeshika.

Utajuaje imeshika? Angalia geji ya raundi. Ukiwa unapanda ukaongeza mafuta kidogo, raundi zikiruka ghafla kwa 200 au 300 na spidi haijabadilika, loki imeachia. Punguza mguu kidogo, au shusha gia moja, uone raundi zinatulia na zinaenda sambamba na spidi.

Na hapa ndo wanaotoka kwenye gari ndogo au kwenye dizeli wanapata shida, wanaogopa kelele. Injini inapiga raundi 4,000 mlimani, kifuniko kiko pale magotini, wanaona itapasuka, wanaachia mafuta gari inapanda gia ya juu, inaanza kuhema raundi 2,200, loki inaachia, joto linapanda. Injini ya petroli nguvu yake iko juu. Acha ilie. V10 raundi 4,000 na zaidi kidogo kwenye mlima ni kazini kwake, na pampu ya maji na ya gia boksi zote zinazunguka kwa kasi zaidi kwa hiyo inapoa vizuri kuliko ikihema.

Utasikia pia muungurumo mkubwa wa ghafla kama ndege inajiandaa kuruka. Hiyo ni krachi ya feni imeshika. Ni habari njema. Usipoisikia kabisa mlimani siku ya jua kali na joto linapanda, ndo uanze kuishuku hiyo krachi ya feni.

Alafu hesabu kidogo. Gari ya kilo 6,500 kwenye mwinuko wa asilimia 7 kwa kilomita 72 kwa saa, kuuinua huo uzito tu kunakula nguvu za farasi kama 120, bado hujasukuma upepo. Na injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000 unazopanda. Tunnel ya Eisenhower iko zaidi ya futi 11,000, mita 3,400 hivi, pale theluthi nzima ya injini umeiacha bondeni. V10 ya farasi 305 inabaki na kama 200. Kwa hiyo ukijikuta uko kilomita 50 kwa saa na malori gari haijaharibika, kaa kulia, washa taa za tahadhari. Anayepiga honi nyuma hatakununulia gia boksi.

Zima AC kwenye mwinuko mrefu. Ikizidi washa hita ya dereva mpaka mwisho na ufungue madirisha, ni mateso lakini hita ni rejeta ndogo ya ziada.

Kitufe cha Tow/Haul washa kabla ya mlima sio katikati. Kupanda kinachelewesha kubadilisha gia ili isicheze cheze. Kushuka ukigusa breki kidogo kinashusha gia na injini inashikilia gari. Petroli inashikilia kidogo kuliko dizeli yenye breki ya eksozi, kwa hiyo ingia kwenye mteremko ukiwa taratibu tayari, kanyaga breki kwa nguvu kiasi ushushe kilomita kumi hivi za spidi alafu achia kabisa zipoe, usizikanyage kidogo kidogo njia nzima. Injini ikipiga kelele wakati wa kushuka iache, ili mradi haijafika eneo jekundu.

Hatua ya 7: vitu vya injini ambavyo havina mjadala

Oili ya injini kwa mwaka mara moja hata kama hujafikisha maili, au kila maili 5,000, kipi kimetangulia. Unene soma kwenye kifuniko cha kujazia, V10 za Ford nyingi zimeandikwa 5W-20 na watu wanaweka nzito kwa kujifariji, mi nafuata kifuniko.

Maji ya rejeta, belti na mipira ya maji vinazeeka kwa miaka sio kwa maili. Bonyeza mpira karibu na kibano, ukiwa kama sponji au ukipasuka nyufa, badilisha yote kwa pamoja.

Rejeta ioshe. Mbele kuna kipoozeo cha AC, cha gia boksi, alafu rejeta yenyewe, na uchafu unakaa katikati usipouona. Maji ya presha ndogo, kutokea upande wa injini kuja mbele. Niliwahi kutoa wadudu na majani kiasi cha kujaza kofia, na joto la gia boksi barabara ile ile likashuka nyuzi sita.

Hatua ya 8: kuiweka

Kuwasha ikanguruma dakika kumi kila wiki ukiwa umevaa malapa, acha. Oili haifiki joto la kukausha unyevu, unabakiza maji kwenye oili na kwenye eksozi. Bora mwezi mzima ikae alafu uendeshe dakika 40 barabarani mpaka kila kitu kipate moto, gia zote zipite, breki zisugue kutu. Ukishindwa kuitoa, iache imezimwa na betri iwe kwenye chaja ndogo.

Petroli yenye ethanoli, yani iliyochanganywa na alkoholi, inavuta unyevu na inachakaa ndani ya miezi michache. Kama itakaa zaidi ya hapo, weka dawa ya kutunza mafuta kwenye tenki alafu jaza karibu lijae, endesha kidogo ili dawa ifike kwenye injekta, na genereta nayo iwashe maana inakunywa tenki hilo hilo. Genereta inaharibika kwa kukaa haraka kuliko injini, iwashe kila mwezi masaa mawili ukiwa umeipa mzigo wa nusu, AC moja inatosha. Na ikizima yenyewe wakati tenki liko robo usiite fundi, mrija wake umekatwa kwa makusudi usifike chini, ili usije ukamaliza mafuta ya kurudia nyumbani.

Panya sasa. Wanapenda kukaa juu ya injini kwa sababu ni pakavu na pamejificha, wanakata waya za koili na za kihisi cha gia boksi. Ukikuta asubuhi gari imegoma kutoka gia moja na kodi za umeme zimejaa ukurasa, kabla hujakubali kufungua gia boksi ingia chini na tochi, fuata waya kutoka kwenye gia boksi mpaka juu. Mimi nilikuta tatu zimetafunwa na kiota kizuri tu cha sponji ya kiti changu.